Kilima Kilichovaa Neti

Kilima chenye upara kiliota nywele ndani ya siku tatu, bila tone la mvua.

Ofisa misitu alikitazama kutoka dirishani, akajipongeza. Msimu wa kupanda ulikuwa umempita akiwa kwenye warsha kuhusu umuhimu wa kupanda miti, na wakubwa zake walitaka kuona kijani kwenye picha za setilaiti. Basi akaagiza marobota ya neti za kijani, zile za kuwekea miche kivuli, zikatandazwe kilima kizima. Ukitazama kutoka angani, msitu mtupu!

"Na miche elfu tatu iliyoko kitaluni?" aliuliza Mzee Kitalu, mtunza miche.

"Tupa. Inatumalizia maji."

"Bosi, kilima hiki kila mvua kinashuka mpaka jikoni kwangu. Tope linajipakulia lenyewe."

"Hamisha jiko, mzee wangu."

Mzee hakubishana. Aliomba jambo moja tu: neti ziinuliwe kwenye vigingi, zisichanike kwa mawe. Tangu hapo, kila alfajiri alipanda na ndoo zake za maji.

"Naziosha vumbi, bosi. Huko juu wasije wakaona kijivu."

Ofisa alifurahi. Hatimaye kapata mfanyakazi mwenye akili!

Mwaka haukuisha, kilima kikapewa cheti. Ofisa, ambaye hakuwahi kushika jembe, akaanza kunusa cheo.

Ndipo akaja mkaguzi, mama mmoja mwenye buti za mpira na imani haba kwa setilaiti. "Mti nauamini nikiushika," alisema, akaanza kupanda kilima. Mzee Kitalu akatangulia na ndoo zake.

Ofisa alifuata nyuma, shati limelowa jasho. Alijua anayefumaniwa hufungwa. Anayeungama huenda akahurumiwa. Hatua kumi kabla ya kufika kwenye neti, akampita mkaguzi na kumzuia njia.

"Mama, nisamehe! Hapa hakuna mti hata mmoja. Ni neti tupu. Miche yote niliamuru itupwe."

"Bosi, ngoja kwanza..." alianza mzee.

"Nyamaza, mzee! Niache nijiokoe!"

Mkaguzi aliandika kila neno, akamwekea karatasi mbele. Ofisa akasaini, akashusha pumzi.

"Haya," mkaguzi akamgeukia mzee, "funua tuone hizo neti tupu."

Mzee Kitalu akashika ncha ya neti, akaiinua taratibu, kama anayemfunua mtoto aliyelala.

"Polepole na hizo buti, mama," akasema. "Iko elfu tatu, na bado inanifika magotini tu."