Chaza Aliyebanduliwa Mwambani

Kazi ya Chaza ghubani ilikuwa kuchuja maji, na sumu yote ilimbakia mwilini. Siku moja akamwambia Kaa, mkuu wao, "Mzee, maji yana sumu ya zebaki."

"Zebaki? Maji meupe pe hivi?" Kaa alifoka. "Mchafu ni wewe!" Akambandua mwambani kwa gando, akamtupa huko bahari kuu, akaleta chaza mgeni.

"Maji yakoje?"

"Mazuri tu," alijibu mgeni, ambaye ndiyo kwanza anafika.

Baada ya miezi kadhaa, mgeni naye akataja zebaki. Akatupwa. Wa tatu vivyo hivyo. Jamani!

Chaza wa nne alimkuta Kaa anatetemeka, hawezi hata kufunga gando.

"Maji yakoje?" Kaa aliuliza.

"Mimi nimefika leo, mzee. Kwani wewe umekaa humu miaka mingapi?"