Mbao za Maître Omer

Tshiela alikuwa anang'oa ubao wa tatu kutoka kwenye mlango wake, na kwa kila msumari uliotoka alimlaani mwalimu, Maître Omer. Mlango wenyewe haukuwa na nyumba tena. Walipofukuzwa mtaani Kapata kwa sababu ni Wakasai, majirani walichukua vitanda na sufuria. Yeye na mumewe wakaondoka na mlango mgongoni. Sasa ni mwezi wa tatu wako hapa stesheni ya Kolwezi, wanasubiri treni ya Kasai, na mvua ikinyesha watoto hulala chini ya mlango huo.

"Maître anasema bila mbao hakuna kuingia," mwanawe Glodi alikumbusha.

Shule gani hiyo! Turubai limefungwa kwenye behewa bovu, basi. Kule Kapata walisoma bure, hata daftari walipewa. Hapa, kwa watu wasio na kitu, ada: ubao mmoja kila mwezi, na misumari minne. Kama anatengeneza madawati, yako wapi? Watoto wanakalia mawe ya reli. Tshiela hakuwa na shaka: mwalimu anauza, au mkewe anazichoma kusongea bukari.

Lakini Glodi alikuwa amebakiza kidogo tu ajue kusoma, na kisomo hakuna ambaye angemnyang'anya njiani. Tshiela akaupeleka ubao mwenyewe, hasira imempanda.

Maître Omer aliupima kwa shubiri, akakata kipande kilichozidi, akamrudishia.

"Hii ilikuwa murefu sana kwa batoto, Mama."

"Ile mbao yote unafanyaka nayo nini?"

Mwalimu hakumtazama. "Kila siku mi naomba Mungu zibakie, Mama."

"Zibakie! Na zinaishia wapi? Unatuiba, Maître!"

Mwalimu alichukua ubao na nyundo, akazunguka nyuma ya behewa. Tshiela akamfuata mbiombio, tayari kupiga kelele watu waje wamwone mwizi.

Kule nyuma mwanamume mmoja alikuwa amesimama, kofia mkononi. Maître Omer akapiga magoti, akaulaza ubao juu ya sanduku jembamba la kimo cha mtoto, lililokosa kipande kimoja cha kifuniko, akaupigilia. Kisha akatoa chaki mfukoni, akaandika juu yake kwa mwandiko safi wa darasani, jina na darasa: Ndaya, mwaka wa pili.