Kiota cha Nje

Minana walikuwa ndege hodari kuliko wote kwa kusuka viota, mpaka Waziri wao, Tausi, alipoamua kwamba ili nchi ishindane duniani, nyasi zote ziuzwe ng'ambo ya mto kwa Kekeo, ndege asiyejua kusuka hata ukili.

"Sasa sisi tutatagia wapi, Mheshimiwa?" akauliza Tunu, mnana aliyekaribia kutaga.

"Tutaagiza viota vya nje, binti yangu. Vina ubora wa kimataifa."

Mvua zilipokaribia, Tunu akatoa akiba yake yote ya mtama, akaletewa kiota. Alipokigeuza akaona mlangoni fundo lililopinda, na aliyefunga mafundo ya namna ile alikuwa mmoja tu.

"Mheshimiwa, hiki kasuka shangazi yangu, yule aliyevuka mto kutafuta kazi."

Tausi akatandaza mkia kwa fahari. "Umeona? Tumeshaliteka soko la ajira."

Kesho yake wapagazi wa Kekeo walipofuata nyasi, walikuta minana wamezisukia viota. Mzigo uliokuwa tayari ni Tausi, kafungwa miguu.

"Mpelekeeni," akasema Tunu. "Ndiyo mali ghafi pekee tuliyobakiwa nayo."