Pete Nyeupe ya Fimbo ya Puli

Siku ile mjinga alikuwa Mwinchande, wala hakuna wa kumsingizia. Mgeni mmoja pale ukumbini alishakubali kuinunua fimbo yake ya puli, ile ya kugongea mipira mezani, aliyoachiwa na baba yake, na Mwinchande alishaiona nyumba yake imeezekwa upya. Tatizo, mgeni aliiita plastiki ile pete nyeupe iliyoizunguka fimbo karibu na ncha.

Plastiki! Mwinchande akapasha sindano moto, akaigusisha kwenye pete. Haikuyeyuka. Ikang'aa tu, laini kama maziwa, hata akaiona meza ya kijani ikitanuka kuwa mbuga, na kitu kikubwa kikipita polepole majanini bila kishindo.

"Umeona? Pembe ya ndovu halisi!"

Mgeni akarudisha mkono. "Basi siichukui, kaka. Kuuza pembe sheria imekataza."

Mwinchande akamgeukia Bi Hidaya, mwenye ukumbi. "Shangazi, hebu nisaidie! Ndovu mwenyewe kafa kabla sijazaliwa. Leo nani atalalamika?"

Bi Hidaya alikuwa akipanga mipira, wala hakuinua macho.

"Wewe," akasema, "ukiwa jela."