Dirisha la Mviringo

Madirisha yote ya nyumba ile kongwe, iliyojengwa na mgeni kwa mtindo wa makanisa ya kwao, yalichongoka juu kama viganja vilivyokutana. Moja tu la ghorofani lilikuwa la mviringo.

"Hili lilikosewa, shangazi," alisema Kombo, msimamizi wa ukarabati. "Leo tunalibomoa, lifanane na mengine."

"Baba hakukosea alipolibadilisha, baada ya kuinunua nyumba hii," alisema Bi Salha. "Mama alipotuacha akarudi kwao, baba alilijenga kama madirisha ya huko. Siku akipita njia hii, alitambue."

"Akapita?"

Bi Salha aliegemea ukingo wa dirisha, akatoa kichwa nje. Barabarani bibi kizee mmoja alikuwa amesimama, akilitazama dirisha lile.

Kombo aliinua mkono, nyundo za mafundi zikanyamaza.