Kompyuta ya Kati

Anyona alibisha tena kwenye chumba cha kati, na Momanyi akafungua mlango kiasi cha kutoa pua tu.

"Bosibori ameshikwa na uchungu tangu asubuhi," Anyona alimwambia kaka yake. "Mtoto amekaa vibaya. Anakuita. Gari ya kutupeleka kwake Manga iko hapo nje."

"Nakuja. Ngoja kidogo."

"Kidogo gani, ndugu yangu?"

Momanyi aligeuka kutazama skrini nyuma yake. Alimpenda mkewe, lakini hakutoka.

Mapema mwaka huo wa 1997 alikuwa amemwahidi Bhupendra, mwenye duka la jumla mjini Kisii, maajabu matupu. Kompyuta ya kaunta na ile ya ghala hazikuelewana, kila moja na programu yake. Yeye angeweka ya tatu katikati. Kaunta ingeuliza, ya kati ingetafsiri, ghala lingejibu, na hakuna mtu angepiga kelele uani tena. Aliomba chumba, skrini mbili na komeo la ndani. Kazi ikaenda, hata wenye maduka wa Nyamira wakaja kushangaa. Tangu hapo Momanyi hakuonekana kanisani siku ya Sabato, na dukani wakamtania kwamba ameoa mashine.

Bhupendra mwenyewe alifika mlangoni, amekunja uso.

"Wewe Momanyi, iko na akili kweli? Enda kwa bibi yako! Si ulisema mashine inafanya yenyewe?"

"Inafanya, mzee. Mimi naichunga tu."

"Unachunga nini? Ni ng'ombe?"

"Hiyo mashine iko sawa kabisa," Lorna wa kaunta alidakia. "Jana nimeandika 'ile mchele ya mama wa Mosocho' na ikajua! Ni siku ile tu ulienda kunyolewa ndio ilikwama."

"Umesikia?" Bhupendra alisema, sasa kwa upole. "Enda. Ukirudi utaweka ingine kama hii kwa duka yangu mpya ya Nyamira."

Momanyi alifungua mdomo. Alitaka kusema ukweli. Nyuma yake skrini moja ikalia, tiii.

"Tangulia, Anyona. Nitakufuata," alisema, akasukuma komeo.

Huko nje gari lilipiga honi mara kadhaa, kisha likaanza kupanda kilima bila yeye. Alisikiliza mpaka mlio ukapotea.

Akainua kifuniko cha kompyuta ya kati. Ndani hamkuwa na waya hata mmoja. Mlikuwa na chapati zake za mchana na sweta ndogo ya mtumba aliyoichagua sokoni Daraja Mbili. Akajifuta macho kwa ile sweta, akasoma swali la Lorna kwenye skrini ya kushoto, na kwa vidole vyake akaanza kuliandika upya kwenye ya kulia, ili ghala lielewe.