Moyo Usioshtuliwa

Tangu madaktari wamshone Bi Mwanakombo vali ya moyo iliyokuwa ikivuja, hakuna aliyempa habari mbaya. Ndivyo sheria isemavyo: aliyeshonwa moyo hashtuliwi. Kifaa kidogo kifuani mwake kiliipasha hospitali habari za kila mshtuko, na aliyeusababisha aliitwa akajieleze. Basi nyumbani kwake kila ndugu alikuwa mzima na kila jambo lilikuwa heri, hata akakosa usingizi.

"Mbona mdogo wangu Salha hapigi simu?" alimuuliza mkwewe, Nasra, aliyekuwa akichambua mchele.

"Mama mdogo hajambo, mama. Mtandao tu unasumbua."

"Mwezi mzima?"

Nasra aliinamia ungo, akarudia kuchambua mchele ambao ulikwisha kuwa safi. Bi Mwanakombo akavuta pumzi polepole, kama alivyofundishwa hospitali, kisha akamshika mkono.

"Niambie, mwanangu. Sitashtuka."

Machozi yakamlengalenga Nasra. "Tulishamzika, mama."

Bi Mwanakombo alingoja moyo uruke. Haukuruka. Uliendelea kudunda taratibu, kana kwamba ameambiwa chai iko tayari. Akajikandamiza kifua kwa viganja viwili, akiuomba umlilie mdogo wake, nao ukazidi kutulia.